Monita mbili kwenye Linux: X11 au Wayland, na GNOME, KDE, Cinnamon au Xfce?

Mtu akiuliza "nina monita mbili, niweke Linux ipi" anajibiwa kishabiki, huyu anasema Mint yule anasema Fedora, mwingine anakuja na Arch yake, na muuliza swali anaondoka na majina sita na hajui achukue lipi. Kiukweli jina la distro (aina ya Linux, kama hizo Mint na Fedora) ndo kitu cha mwisho. Cha kwanza ni hizo monita zako zinafanana au hazifanani, cha pili nyuma ya kompyuta kuna poti gani, halafu ndo unakuja kwenye X11 na Wayland (mifumo miwili inayochora madirisha kwenye skrini, unatumia mmoja wapo), ukishafika hapo distro inajichagua yenyewe.

Ntatumia mfano wa mashine ambayo wengi wetu tunayo mezani, zile za mtumba zilizotoka maofisini Ulaya zinazouzwa Kariakoo na kule Luthuli Nairobi, yaani Dell OptiPlex au HP EliteDesk, Core i5 kizazi cha nne, RAM 8GB, haina kadi ya grafiki, picha inatoka kwenye prosesa yenyewe ambayo ndani ina Intel HD 4600. Hiyo HD 4600 watu wanaidharau bure, ina uwezo wa kuwasha monita tatu kwa mpigo, mbili kwake ni kazi ndogo.

Poti na waya kwanza

OptiPlex 9020 na EliteDesk 800 G1 nyuma zina VGA moja na DisplayPort mbili, HDMI hamna. OptiPlex 3020 ina VGA moja na DisplayPort moja tu. Kwa hiyo kama una 3020 na monita mbili, moja itakaa kwenye VGA utake usitake, labda uweke kadi.

Sasa VGA dhidi ya DisplayPort. VGA ni analogi, kwenye 1920x1080 herufi zinakuwa na kaukungu fulani, na picha inaweza kusogea pembeni kidogo mpaka ubonyeze kile kitufe cha Auto kwenye monita. Kwa kuangalia video au kuweka WhatsApp Web sio mbaya. Kwa kusoma maandishi siku nzima macho yatakwambia. Ila tatizo kubwa la VGA sio ukungu, ni waya zenyewe. Monita inajitambulisha kwa kompyuta (jina lake na rezolusheni inazozikubali) kupitia pini ya 12 na ya 15, zote ziko kwenye ule mstari wa tatu. Waya za bei chee nyingi hizo pini hazina, au pini ipo lakini ndani hamna kitu kilichounganishwa, na hapo Linux inajikuta imeunganishwa na monita isiyojua ni nani, inakupa 1024x768 basi. Mtu anabadilisha distro tatu kumbe shida ni waya. Chomoa uangalie: pini moja ikikosekana mstari wa kati ni kawaida, hiyo ni ya 9 na haina neno. Zikikosekana za mstari wa tatu, tupa.

DisplayPort kwenda HDMI ndo njia ya wengi maana monita nyingi za bei ya kawaida zina HDMI na VGA tu. Hapa adapta ya kawaida inafanya kazi vizuri kwenye hizi mashine, LAKINI ina upande. Kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya monita sawa. Ukigeuza, yaani kompyuta ina HDMI na monita ina DisplayPort, waya ule ule haufanyi kitu, skrini nyeusi, inabidi ununue adapta maalum yenye chipu ya kubadilisha signali na nyingi zake zinachomekwa na USB kupata umeme. Uliza kabla hujalipa maana kwa macho zinafanana kabisa.

Na kama moja ya monita zako ni 4K (3840x2160), DisplayPort 1.2 inakupa 4K kwa Hz 60 (yaani picha inabadilika mara 60 kwa sekunde), HDMI 1.4 inaishia Hz 30. Hz 30 mausi inatembea kama imelewa, utadhani kompyuta ni nzito kumbe ni poti.

X11 na Wayland, hapa ndo penye uamuzi

X11 ni ya mwaka 1987. Zamani kuweka monita ya pili ilikuwa unaandika faili la xorg.conf kwa mkono na kuomba Mungu, mpaka 2007 ilipokuja RandR 1.2 (nyongeza ya X11 ya kupanga skrini) ndo ikawezekana kuchomeka na kuchomoa monita huku mfumo unaendelea. Wayland ilianzishwa na Kristian Høgsberg 2008 na ilichukua miaka mingi kukomaa. Ukitaka kujua sahivi uko kwenye ipi fungua terminali uandike:

`echo $XDG_SESSION_TYPE`

Tofauti yao kwa mtu wa monita mbili iko hivi. X11 inazichukua monita zote mbili kama turubai moja kubwa. Wayland inaichukua kila monita kivyake. Hiyo sentensi inaonekana ndogo ila inabeba kila kitu.

Ukiwa na monita mbili zinazofanana, mfano zote inchi 22 za 1080p (1920x1080) na Hz 60, turubai moja haina shida yoyote, X11 itakutumikia vizuri tu na hutaona kasoro. Ila chukua mtu ana 4K ya inchi 27 na pembeni 1080p ya inchi 22. Kwenye X11 ukubwa wa maandishi ni mmoja kwa turubai lote, ukikuza asilimia 200 ili 4K isomeke basi ile ya 1080p madirisha yanakuwa majitu, ukirudisha 100 kwenye 4K unasoma wadudu. Kuna ujanja wa `xrandr --scale`, unafanya kazi, lakini unaongeza ukungu kwenye maandishi na unaipa grafiki kazi ya ziada ambayo mashine ya mtumba haiihitaji. Kwenye Wayland unaweka 200 huku na 100 kule, unaburuta dirisha kutoka monita moja kwenda nyingine linajirekebisha, imeisha.

Hivyo hivyo kwa wenye monita ya Hz 144 na nyingine ya 60. Kwenye X11 mara nyingi unakuta ile ya kasi inaburuzwa na ya polepole, au picha inakatika katikati ukicheza video. Wayland kila moja inakimbia mwendo wake.

Kwa hiyo Wayland imeshinda? Taratibu. Kuna vitu vitatu X11 bado inampiga.

Cha kwanza ni kulazimisha rezolusheni. Ile VGA yetu isiyojitambulisha, kwenye X11 unaandika `cvt 1920 1080`, unachukua mstari inaokupa, unaupachika kwa `xrandr --newmode` halafu `--addmode VGA-1`, na dakika mbili unapata 1080p yako. Kwenye Wayland hiyo njia hamna, unaingia kwenye setingi za GRUB (programu inayowasha Linux) unaongeza `video=VGA-1:1920x1080@60` kwenye mstari wa kerneli (kiini cha Linux), unarun `sudo update-grub` (kwa Ubuntu na ndugu zake), unarestart. Inafanya kazi ila ukikosea namba unarestart tena.

Cha pili ni programu kukumbuka mahali pake. Kwenye X11 programu inaweza kusema "mimi nifunguliwe monita ya kulia" ikatii. Wayland kwa makusudi kabisa hairuhusu programu kujipangia mahali, mpangaji ni desktopu (GNOME, KDE na wenzake, yaani ile sura yenye paneli, menyu na madirisha). Wenye programu za kazini zenye madirisha manne yanayojipanga yenyewe hapo wanaumia, ingawa KDE ina kanuni za madirisha zinazosaidia sana.

Cha tatu, programu za zamani ambazo bado ni za X11 zinapitia daraja linaitwa XWayland, na ukikuza kwa asilimia 125 au 150 baadhi zinakuwa na ukungu. Asilimia 100 na 200 hazina hiyo shida sana.

Ila ujue upepo unaelekea wapi. Fedora ilihamia Wayland tangu toleo la 25 mwaka 2016, Ubuntu ikahamia kwenye 21.04, na Ubuntu 25.10 haina tena sesheni ya X11 ya GNOME. KDE Plasma 6 ya Februari 2024 nayo inaanza na Wayland. Mint bado ipo X11, Wayland yake wanaiita ya majaribio. Kwenye Ubuntu 24.04 bado una uhuru, ukiwa kwenye skrini ya kuingia bonyeza kile kigurudumu chini kulia uchague Ubuntu on Xorg.

Desktopu nne

| | Inaanza na | Kukuza tofauti kila monita | Paneli monita ya pili | RAM ndogo |
|---|---|---|---|---|
| GNOME | Wayland | ndiyo | hamna mpaka uongeze ekstensheni (Ubuntu doki inawezekana) | 8GB ndo raha |
| KDE Plasma 6 | Wayland | ndiyo, nzuri kuliko zote | ndiyo, kila monita na yake | 8GB sawa |
| Cinnamon | X11 | kwa ujanja tu | ndiyo | 4GB inavumilika |
| Xfce | X11 | kwa ujanja tu | ndiyo | 4GB freshi |

Jedwali halisemi yote. GNOME ina tabia moja inayowachanganya watu: ukihama wokispesi (kurasa za madirisha unazobadilishana), monita ya kwanza tu ndo inahama, ya pili inabaki palepale. Watu wanadhani ni kasoro, wanalalamika, kumbe imewekwa hivyo. Na kuna wanaoipenda, wanaweka muziki na chati monita ya pili inabaki imetulia huku kazi zinabadilika upande mwingine. Usipoipenda nenda Settings, Multitasking, chagua wokispesi zihame kwenye skrini zote. Tabia ya pili ya GNOME ni skrini ya kuingia. Wewe umepanga monita vizuri, nyingine umeisimamisha wima, lakini ukiwasha kompyuta sehemu ya kuandika nywila inatokea monita nyingine na imelala ubavu. Ni kwa sababu mpangilio wako unakaa kwenye faili lako la `~/.config/monitors.xml` na skrini ya kuingia hailisomi. Kwenye Ubuntu 22.04 na 24.04 unalinakili tu:

`sudo cp ~/.config/monitors.xml /var/lib/gdm3/.config/`
`sudo chown gdm:gdm /var/lib/gdm3/.config/monitors.xml`

KDE kwa maoni yangu ndo mfalme wa monita mbili sahivi, nasema sahivi kwa sababu zamani ilikuwa aibu, paneli zinahama zenyewe, picha ya nyuma inapotea ukizima monita moja. Plasma 5.27 ya Februari 2023 waliandika upya hiyo sehemu na mambo yakatulia. Kwa hiyo mtu akikwambia KDE inazingua na monita mbili muulize anatumia toleo gani. Debian 12 na Kubuntu 24.04 zote zina 5.27, uko salama, na Plasma 6 ni nzuri zaidi. Unachopata: paneli tofauti kila monita, picha ya nyuma tofauti, asilimia ya kukuza tofauti, Meta+P (Meta ni kile kitufe cha Windows) ya kubadilisha haraka kati ya kupanua na kurudufu, na kanuni za madirisha kwamba Thunderbird kila siku ifunguke kushoto. Ubaya wake ni setingi nyingi mpaka mtu mgeni anapotea humo ndani.

Cinnamon, ile desktopu ya Mint, sina mengi. Unachomeka, inatokea, unaburuta vile viboksi kwenye Display unabonyeza Apply, unaenda kunywa chai. Kwa mtu mwenye 1080p mbili aliyetoka Windows juzi nampa Mint bila kufikiria mara mbili. Akiwa na 4K na 1080p pamoja simpi.

Xfce ni ya mashine iliyochoka. Ina kitu kizuri cha profaili, unahifadhi mpangilio wa "ofisini monita mbili" na "moja tu" na inajua ipi umechomeka. Toleo la 4.20 la Desemba 2024 limeanza kuonja Wayland lakini bado ni changa, tumia X11.

Wapo pia watu wa i3 (ya X11) na Sway (ya Wayland), zinazopanga madirisha zenyewe na kuendeshwa kwa kibodi, hao wanajijua. Faida yao kubwa ni kwamba kila monita ina wokispesi zake zinazojitegemea kabisa, kitu ambacho GNOME na KDE kwa kawaida haziwezi kwa usafi ule.

Kupanga kwa kuburuta au kwa amri

Kuburuta viboksi kunatosha kwa asilimia kubwa ya watu, ila kuna kitu kimoja kidogo wengi wanakiruka. Ukiwa na 1920x1080 na pembeni ile monita ya zamani ya mraba 1280x1024, urefu haulingani, tofauti ni pikseli 56. Ukiziacha zimelingana juu, mausi ukiwa chini kabisa ya ile pana inagonga ukuta haivuki. Shusha kiboksi kidogo kilingane chini. Kwa amri kwenye X11 ni hivi:

`xrandr --output DP-1 --mode 1920x1080 --pos 0x0 --primary --output VGA-1 --mode 1280x1024 --pos 1920x56`

Hiyo 56 ndo inayoshusha monita ya pili mpaka chini zilingane. Majina kama DP-1 na VGA-1 unayapata kwa kuandika `xrandr` peke yake. Ujue tu amri ya xrandr inasahaulika ukirestart, kwa hiyo tumia arandr, inakupa viboksi vya kuburuta halafu inakuhifadhia skripti ambayo unaiweka kwenye programu za kuanza na mfumo.

Kwenye Wayland xrandr haipangi kitu, usipoteze muda. KDE ina `kscreen-doctor`, GNOME kuanzia 48 ina `gdctl`, Sway unaandika kwenye faili lake la konfigi.

Ukitaka kuongeza kadi ya grafiki

Kwanza hizi mashine ndogo zinahitaji kadi ya kimo kifupi (low profile), na pawasaplai zake hazina ule waya wa ziada wa umeme, kwa hiyo unatafuta kadi inayokula umeme wa sloti tu. Zinazopatikana sana madukani ni GT 710, GT 1030 na RX 550.

RX 550 ya AMD ndo rahisi kuliko zote kwa Linux, draiva ya amdgpu iko ndani ya kerneli, unachomeka unawasha, hamna cha kudownload. GT 710 ni bei chee lakini ni ya kizazi cha Kepler, draiva yake ya NVIDIA ni tawi la 470 ambalo limeshastaafu, utabaki na nouveau (draiva huria iliyo ndani ya kerneli) ambayo kwa kazi za ofisi na monita mbili inatosha, kwa gemu sahau. GT 1030 iko katikati, tawi la 580 ndo la mwisho litakaloihudumia. Na kwa wenye NVIDIA wanaotaka Wayland, hakikisha draiva ni 555 kwenda juu, kabla ya hapo kumeta-meta kwa madirisha kulikuwa kunachosha. Kwa hiyo kati ya hizo tatu, kama bei hazijapishana sana, chukua RX 550.

Ukishaweka kadi, monita ZOTE mbili zichomeke kwenye kadi. Mashine nyingi za ofisi zikiona kadi zinazima poti za ubao mama zenyewe, unakuta mtu monita moja kaiacha kule juu anashangaa haiwaki. Hata kama BIOS inaruhusu kutumia zote, picha inabidi inakiliwe kutoka grafiki moja kwenda nyingine na unapoteza kasi bure.

Zile adapta za USB kwenda HDMI zenye DisplayLink ziache mpaka ukose njia nyingine kabisa. Zinahitaji draiva ya pembeni, na kerneli ikiapdetiwa kuna siku monita ya pili haitawaka mpaka draiva ijengwe upya.

Kabla hujalipa

Kama bado hujanunua monita ya pili basi tafuta inayofanana na ya kwanza, rezolusheni ile ile na inchi zile zile, hata kampuni ikiwa tofauti. Unakuwa umejiondolea huo mjadala wote wa juu, chukua Mint au Xfce endelea na maisha. Kama tayari una 4K na 1080p au Hz 144 na 60, weka KDE Plasma 6 kwenye Wayland, Fedora KDE ni njia fupi. GNOME ni kwa anayependa kutulia kwenye dirisha moja na monita ya pili iwe ya kuangalia tu. Mashine ya 4GB, Xfce, hapo hamna mjadala.

Na ukienda dukani nenda na flashi mbili, moja Mint moja Fedora KDE, zote zinawaka bila kuinstall chochote. Mwambie muuzaji achomeke monita zote mbili kwa waya ule ule anaotaka kukuuzia, washa, fungua Display uangalie rezolusheni ya kila moja, buruta dirisha la video kutoka monita hii kwenda ile, zima monita moja uiwashe tena uone mpangilio unarudi. Ukiona 1024x768 usikubali kuambiwa "hiyo ni Linux bana", mwambie abadilishe waya kwanza.